Daftari la Julai

Saa kumi na moja alfajiri. Karabai inakoroma.
Nachonga penseli kwa kisu cha kwato.
Bwana Urdapilleta, aliyeko Buenos Aires,
anataka hesabu kabla ya Ijumaa:
kondoo wangapi, farasi wangapi,
seng'enge imeshika wapi, imeachia wapi.
Mali bila daftari, walisema wahenga,
hupotea bila habari.
Lakini theluji nayo ina daftari lake
na hainionyeshi.

Naandika: Kondoo, elfu tatu mia tisa na sita.
Siandiki kwamba wale kumi na wanne wa mwisho
tuliwakuta wamesimama,
wamegandana bega kwa bega kwenye kona ya uzio,
macho wazi, kama watu wanaosubiri
ofisi ifunguliwe.
Cárcamo alivua kofia.
Kisha akaanza kuwachuna, maana ngozi ni pesa
na pesa ina safu yake upande wa kulia.

Naandika: Kinu cha upepo, lambo la kaskazini, kimetengenezwa.
Siandiki kwa nini jiko langu halina mlango.
Uko juu kule, mita tisa kutoka chini,
umekatwa ukawa panga la kinu,
unalia kila upepo ukigeuka
na ng'ombe wanakunywa.
Mimi napika moshi ukinitoa machozi,
si haba, angalau yana sababu.

Banda la kunyolea: mabati sita yameng'oka.
Matano nimeyapata.
La sita limekwenda kwa jirani au kwa Mungu.
Silidai.

Kuna nguzo moja kwenye uzio wa magharibi,
kilomita ya saba, imelala kama mlevi.
Kila masika naisimamisha. Kila kipupwe inalala.
Aliichimbia baba, mwaka aliovuka kutoka Chiloé
na koti moja na jina la Oyarzún;
karani wa mpakani akaandika Oyarzo,
na tangu siku hiyo ukoo mzima
tunaitika kosa la karani.
Baba alichimba, akakuta jiwe.
Akachimba kando, jiwe.
Kando tena. Ndipo uzio ukapinda.

Februari alikuja kijana wa Bwana
na kidege kisicho rubani,
akaipiga picha ardhi yote kutoka juu,
akanionyesha kwenye kioo, kidole kikigonga:
Hapa pamepinda.
Nikasema, ndiyo, pamepinda.
Akasubiri niendelee.
Nikamwongezea chai.

Naandika: Farasi, kumi na tisa.
Juzi walikuwa ishirini.
Yule jike wa kijivu aliteleza kwenye barafu ya kijito
na mguu ukasema neno moja, kavu.
Cárcamo akanyoosha mkono aipokee bunduki.
Nikamwambia apeleke mbwa nyumbani.
Kazi nyingine haitumwi mtu.
Nilimshika shingo mpaka joto likabaki
kwenye glavu tu.
Naandika: Risasi, moja.

Safu ya mwisho imeandikwa Mengineyo.
Ni pana kuliko zote.
Miaka kumi na minane naiacha tupu,
na hakuna aliyewahi kupiga simu
kuuliza.

Mlangoni Cárcamo anagonga kwa buti,
mikono yake imebeba kitu, mwana-kondoo pengine,
mapema mno, mjinga wa watu,
hakusubiri hata Septemba.
Lango la bondeni limefunguka, ananiambia,
na nyayo za puma zinaingia.
Zinatoka?
Anafikiri.
Sijaziona zikitoka.

Nachukua funguo. Ishirini na tatu,
nazijua zote kwa kidole, gizani,
hakuna hata mmoja wa mlango wangu.
Mwana-kondoo tunamweka mbele ya jiko.
Kwa mara ya kwanza nashukuru
halina mlango.