Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Weka kidevu hapa, Bi Somoe. Paji la uso liguse mkanda.
Usinitazame mimi. Humo ndani kuna msalaba wa kijani.
"Msalaba?" Akajinasua. "Mimi, binti Chilumba?"
Basi alama ya kujumlisha, bibi.
"Hiyo sawa. Hiyo ipo hata kwenye karatasi za mnada."

Newala, asubuhi. Ukungu umepanda kutoka bondeni
umefika dirishani, nami nafuta lenzi
kwa kitambaa kisichoruhusiwa kufuta kingine.
Mashine yetu husoma jicho kama mtu asomaye barua,
mstari, mstari, mstari, kutoka juu hadi chini,
na barua hii haikai mkononi.

Picha ya kwanza: mshipa unashuka vizuri, kisha unakatika,
unaanza upya pembeni,
kama mshono wa fundi aliyeitwa jina akiwa kwenye cherehani.
Mwenye haraka angeandika: ugonjwa.
Si ugonjwa. Ni mruko.
Jicho liliruka, mashine haikujua, ikaendelea kusoma.

"Tulia, bibi."
"Nimetulia."
Na kweli. Mikono juu ya mapaja,
vidole vyeusi kwa mafuta ya korosho, mgongo wima.
Mwili wote umeketi isipokuwa jicho.
Misimu kumi na mitatu alipuliza salfa mikoroshoni
bila miwani, khanga puani;
nani wa kuliambia jicho hilo leo lisijihami?

Nikafanya niliyofundishwa.
Pepesa mara tatu, kisha fumbua. Vuta pumzi, ishike kidogo.
Tone la machozi ya chupa, maana jicho kavu halikai.
Nikapunguza mwanga. Nikafupisha mpigo.
Picha ya nne, ya tano: Ruvuma iliyokatwa vipande,
na kila kipande kinadai ndicho mto.

Wahenga wamesema macho hayana pazia.
Wahenga hawakupiga picha za retina.
Pazia lipo, na hushuka pale pale nibonyezapo.

Ya sita nikaitazama kwa muda mrefu.
Miruko yote inakwenda kushoto.
Kushoto kuna mlango.
Nje ya mlango kuna Nampota, mjukuu,
aliyeshika mkoba wenye stakabadhi ya korosho.

Ah.

"Nampota, ingia. Simama hapa, nyuma ya mashine. Usicheke."
Nikalipa kazi jicho la kulia, lile zima, lisilopigwa picha:
tazama kifungo cha shati lake, cha pili kutoka juu.
Macho ni mapacha waliofungwa kamba moja;
zima likitua, gonjwa hufuata bila kuulizwa.

Kifungo kilishonwa kwa uzi mwekundu kwenye shati jeupe.
Alikishona yeye, juzi, kwa kupapasa.

Ishirini na nne mfululizo, kila moja kufumba na kufumbua.
Kompyuta ikatupa saba, zile za kope,
ikazisogeza zilizobaki, hii kushoto kidogo, ile juu,
mshipa juu ya mshipa, njiapanda juu ya njiapanda,
mpaka chengachenga zikachoka, zikaondoka.

Retina ikatokea.
Na katikati yake, doa, dogo kuliko punje ya ufuta.
Nikalitafutia kisingizio.
Lakini mtikisiko huhama,
na doa hili limekaa mahali pamoja mara kumi na saba.

"Na zile saba?" akauliza, akijifuta kidevu.
"Nimezifuta."
"Kumbe. Nilikuwamo humo pia."

Sikuwa na jibu. Nikaandika barua ya kwenda Ndanda,
herufi kubwa, taratibu, mkono wangu mwenyewe ukinisumbua.
Nilipoinua kichwa, Nampota alikuwa bado amesimama wima
nyuma ya mashine iliyokwisha zimwa,
hajui kama ameruhusiwa kutikisika.