Kilima cha Bruda Ettore

Niamshe saa tisa ya usiku, nitakutajia:
Montalvera, mita mia sita na kumi na mbili,
milango mitatu, kisima kimoja,
mto Vessa umezunguka mguu wa kilima
kama mkanda kwenye suruali ya babu.
Ni mimi Nabintu, binti wa Cimpunda,
ambaye safari yangu ndefu ni Uvira,
na nilitapika njia nzima.

Mwaka ule shule ya ufundi haikuwa na ramani ya Bukavu.
Ilikuwa na chaki, na Bruda Ettore,
na sanduku lake la bati.
Akatoa karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo inapitisha mwanga:
kilima cha kwao.
"Mteremko ni mteremko," akasema
kwa Kiswahili chake cha kugongagonga.
"Maji hayaulizi pasipoti."

Tukajifunza kontua juu ya kilima cha watu.
Mistari ikikaribiana, shika ukuta.
Ikiachana, hapo ng'ombe hulala.
Tulijua mnara wa kanisa uliangukia upande gani
mwaka wa tetemeko,
na kwamba wazee wao waliacha bonde
wakapanda na mawe begani, watoto mgongoni.
Tukacheka: kumbe hata wazungu walikimbilia milimani!
Zihalirwa akauliza, nani alikuwa akiwafukuza?
Bruda akafikiri.
"Majirani," akasema.
Hatukucheka tena.

Leo napima viwanja vya komine ya Kadutu,
viatu vya mpira, utepe mkononi.
Mita tano kwa sita.
Choo cha huyu ni jirani ya paa la yule.
Chini kule mji umetia vidole vitano ziwani
kama anayeonja joto la maji ya kuoga;
Wabeleji walijichagulia vidole,
sisi tukapewa kiwiko.
Kisha vita vya vijijini vikatuongeza,
godoro kwa godoro,
hadi kiwiko kikaanza kuuma.

Nilichora msalaba mwekundu: hapa msijenge.
Mama mmoja akauangalia kwa adabu.
"Sawa, binti. Tujenge wapi?"
Nikaangalia ramani. Ramani ikaniangalia.
Desemba mvua ikanyesha siku mbili,
na ile mistari iliyokaribiana
ikafutika yote, na majina yake.

Barua imefika kutoka kwa mpwa wa Bruda.
Amezikwa karibu na kisima.
Montalvera wamebaki watu arobaini na mmoja.
Shule imefungwa, mwokaji mikate amehama,
komine inauza nyumba nzima, ghorofa na pishi,
kwa bei ya chupa moja ya bia,
na hakuna anayekuja kunywa.
Nikamsomea Zihalirwa.
Akakaa kimya, kisha akauliza bei ya tiketi,
kisha akauliza viza,
kisha akaniomba nimpitishie chumvi.

Jumamosi nafundisha vijana wanane.
Ramani ya Cimpunda ninayo, nimeichora mwenyewe,
miaka sita, kwa miguu.
Lakini somo la kwanza nakunjua karatasi ya Bruda,
sasa imeshikwa na gundi kama goti la mtoto.
Wananinung'unikia: kwa nini kilima hiki, Mwalimu?
Kwa sababu humu, wanangu,
ukikosea mstari mmoja
unachukua ufutio.