Karai la Mama Nsimire

Daktari aliandika neno moja kwenye karatasi,
akalipigia mstari mara mbili: ngano.
Nikacheka. Nilidhani ananikataza hadithi,
mimi niliyelelewa Kadutu kwa ngano za bibi,
fisi na sungura, makala yakififia jikoni.
"Ile nyingine," akasema. "Ile ya mkate."

Tangu siku hiyo ninakula kwa kuuliza.
Bugali wa muhogo hauna neno nami,
makemba ni ndugu zangu,
sambaza hutoka ziwani uchi, bila unga wa mtu.
Tatizo si wao.
Tatizo ni walikooga.

Pale Nyawera, penye viti vyekundu vya plastiki,
kijana mwenye aproni alinijibu bila kunitazama:
"Hakuna ngano, mama. Viazi tu, na chumvi."
Wala hakudanganya.
Niliuliza viazi, sikuuliza karai.
Usiku tumbo likanisimulia yote aliyoyaruka:
mikate ya alfajiri,
sambusa za saa nne,
samaki aliyevikwa unga kama bi harusi,
halafu, mwisho wa msururu, viazi vyangu
vikiingia kwenye maji ya watu wengine.

Mafuta hayasahau.
Mafuta ni mtambaji, kila kinachozama humo
hutoka na ngano ya aliyetangulia.

Cishugi, kazini, ananiita Bibi Maswali.
Shemeji anasema ni ugonjwa wa wenye nafasi.
"Kidogo tu hakiui," walinibembeleza
siku ya komunyo ya mpwa wangu,
nami, kwa aibu ya sahani iliyojaa,
nikala kidogo tu.
Siku tatu nilihesabu misumari ya bati,
mia moja na kumi na nne,
mmoja umepinda.

Halafu Mama Nsimire, kwenye mteremko wa Essence,
kibanda cha mbao, moshi, foleni ya wanafunzi.
Nikamuuliza kama ninavyouliza wote,
nikiwa nimekwisha kujiandaa kuchekwa.
Hakucheka.
Akapangusa mikono kwenye kitenge, akainama,
akaliangalia karai lake muda mrefu
kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

"Haya yana siku tatu," akasema.
"Jana yalipika mikate. Juzi sikumbuki.
Hapa usile."

Aliyekuwa nyuma yangu akaguna:
mchuuzi gani huyu anafukuza faranga?
Nikapanda mlima na njaa yangu na noti zangu,
mvua ikanikuta njiani,
na sijui kwa nini nilitaka kulia.
Wangapi waliniambia karibu!
Huyu aliniambia usile.

Jumamosi nikarudi na kisufuria changu,
uzi mwekundu kwenye mkono wake,
na chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa.
Akakitundika msumarini, juu, mbali na mikono.
Akanawa. Akanawa tena, bila kuambiwa.
Makemba yakalia kwa sauti nyembamba, peke yao.

Mwanawe wa mwisho, Asifiwe,
amekaa kwenye kidumu cha maji, ananitazama nikila.
"Mama, kwa nini kile hakichangamani na vingine?"

"Kile hakina ngano," akamjibu, akigeuza mikate
kwenye karai kubwa. "Hata moja."

Mtoto akakitazama kisufuria pale msumarini,
akakihurumia.