Hatua Moja Nyuma

Kazi yangu ilikuwa kushika chupa.
Chupa tupu ya soda, shingo juu,
na utepe wa kahawia ukitoka mashineni,
ukizunguka tumbo la chupa, ukirudi.
Nina miaka kumi na moja. Ng'ambo, Tabora,
stoo iliyowahi kuhifadhi nta,
kuta tumezivika magunia ya tumbaku,
na bado nyuki mmoja mmoja huingia
kudai cha babu zao.

"Rudi nyuma," anasema Idrisa Kapembe,
spika za masikioni kazifunga kwa mpira wa baiskeli.
Narudi hatua.
Nyamizi anaimba *nitakuja*,
sauti inakawia, inasema *takuja*, *kuja*,
mpaka inabaki *ja* peke yake,
kama mtu aliyeacha kubisha hodi
lakini hajaondoka.

Watu walimwambia rege ina wenyewe,
wako huko ng'ambo ya bahari.
"Kwani hapa ni wapi?" akajibu.

Mpiga gitaa alitoka bendi ya dansi, vidole vina haraka.
Kapembe akampeleka uani
mke wa jirani akitwanga mtama:
"Mchi ukitua, nyamaza.
Ukiwa juu, hapo ndipo pako."

Treni ya Kigoma ilipiga honi katikati ya wimbo.
Hakufuta. "Iache. Imetoka mbali."

Sitamwosha zaidi ya waliomwosha.
Nyamizi hakulipwa; alipewa khanga na ahadi.
Mpiga besi alipata nusu debe la asali.
Mikanda sita ilikwenda na mfanyabiashara wa Dar,
ikarudi kama dizeli ya jenereta,
na dizeli ikawa nyimbo nyingine
ambazo nazo hazikumlipa mtu.

Siku ya msiba redio ilikosea jina lake.
Nyamizi alicheka, kisha akalia, kisha
akauliza mikanda iliyobaki iko kwa nani.

Iko kwangu. Chini ya kitanda, mbali na mchwa.

Jana walikuja vijana watatu wa Isevya na simu zao.
Mwangwi ule, walisema, siku hizi ni kubonyeza tu.
Nikawatolea chupa. Wawili wakacheka.
Wa tatu, mwembamba, hata jina sijalishika,
aliipokea kwa mikono miwili,
akaishika shingo juu,
akaanza kurudi nyuma bila kuambiwa.

Mlango uko wazi nyuma yake.
Sijamwambia asimame.