Kitambaa cha Ċensa

Ukutani kwa Ċensa zimetundikwa kalenda mbili:
ya kanisa, yenye watakatifu na siku zao,
na ya bandari, yenye meli na siku zake.
Kabla ya kufua, husoma ya bandari.

Miaka ishirini na mitatu
hakuanika shuka nyeupe siku ya Jumatano.
Jumatano lilikuja lile dude la ghorofa kumi na sita,
likaziba jua, likaziba na kuba la kanisa la ng'ambo,
na hata likishafungwa kamba halikuzima mitambo,
kwa kuwa abiria elfu nne wanataka barafu,
wanataka lifti, taa za kasino, bwawa la maji moto,
nao wenyewe wako mjini, wanapiga picha milango.

Mchana kutwa bomba linakohoa.
Vikombe kabatini vinagongana meno.
Kwenye reli ya roshani, masizi yenye mafuta;
ukiyapuliza hayaendi,
ukiyagusa yanakufuata hadi jikoni.
Kitambaa chake cha kufutia
kilikuwa fulana ya Ġużi.

Ġużi, mchomelea vyuma wa gatini,
alikufa kwa kifua. Daktari alisema: sigara.
"Alivuta pakiti moja kwa juma," Ċensa akajibu.
"Lile pale linavuta tangu alfajiri.
Mbona lenyewe hamjaliandikia cheti?"
Daktari akatazama saa.

Kwa lugha yao moshi ni *duħħan*.
Mimi niliposikia nikadhani wanataja dohani,
bomba lenyewe.
Sikusahihishwa. Pale L-Isla
hakuna aliyewahi kuviona viwili hivyo mbalimbali.

Kisha Salvu, mtoto wa kaka yake, fundi umeme,
akaja siku moja na vidole vimechubuka.
"Shangazi, tunaleta waya.
Meli itazima injini, inywe umeme wa nchi kavu."
Huku akichovya mkate kwenye maharage akaeleza
kwamba umeme wa kisiwa hupiga mara hamsini kwa sekunde,
wa meli mara sitini,
ndiyo maana limejengwa jumba zima
la kuufundisha moyo mmoja mwendo wa mwingine.
"Miaka thelathini na moja ya ndoa," akasema Ċensa,
"sisi hatukupewa jumba."

Jumatano ya mwisho ya Septemba
mkono wa chuma ulijinyoosha gatini
ukiwa na waya mnene kama muundi wa mtu.
Ubavuni mwa meli kikafunguka kimlango.
Salvu, glavu za mpira hadi kwenye viwiko,
akachomeka, akarudi nyuma hatua tatu, akangoja.

Saa tatu na dakika kumi na moja
bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Vikombe vikatulia.
Ċensa akasikia saa ya ukutani,
ambayo alijua imekufa zamani.
Akasikia njiwa wakikwaruza bati.
Akamsikia Karmni wa ghorofa ya chini,
neno kwa neno, akimsengenya yeye.

Akaanika shuka tatu.

Usiku akampigia Salvu.
"Umeme huo mnautoa wapi?"
"Kusini, kituoni. Na mwingine
unavuka chini ya bahari kutoka Sisilia."
"Huko kituoni kunaungua nini?"
"Gesi. Lakini moshi wake mchache, shangazi,
halafu ni mbali na watu."
"Watu gani?"
Simu ikawa kimya kuliko bandari.
"Paneli za jua zinaongezwa," akasema Salvu.
"Nimeuliza tu, mwanangu. Kalale."

Alhamisi ikaja meli nyingine, kuukuu,
isiyo na kimlango ubavuni.
Ċensa aliisikia kabla ya kuiona:
vikombe ndivyo vilivyomwambia.
Akatoka roshani na fulana ya Ġużi begani,
akaanua shuka ya kwanza, akaanua ya pili.
Ya tatu, ile pana, ya kitanda cha watu wawili,
akaiacha nje, aone.