Pua Yangu Katika Shaba

Walikuja wanne kutoka Mtongwe, viatu vinang'ara,
wakavivua mlangoni pasipo kuambiwa.
Mmoja soksi yake ilitoboka kidoleni;
tundu lile ndilo lililonizuia kuwachukia.
Wakasema Mselemu atapewa nishani.
Ya shaba, wakasema, si bati. Itakuwa na sura yake.
Wakaomba picha.

Picha gani?
Ya kipande ililiwa na unyevu wa kabati,
ikabaki kola na nusu ya kidevu.
Nyingine alikwenda nazo,
na huko alikokwenda hakikurudi hata kifungo.

Yule wa soksi akanitazama,
akainamisha kichwa kama anayechagua tikiti sokoni.
"Mwafanana?"
Mama akajibu toka ndani: "Kwa mbali."

Basi mimi, mshona kofia wa Kibokoni,
mimi ambaye kivuko cha Likoni hukipanda nimefumba macho
nikihesabu matobo ya kofia ambayo sijaianza,
niliyewahi kutapika nchi kavu
kwa kuitazama tu bahari ikipanda na kushuka,
nikaketi alasiri tatu juu ya debe la rangi
katika karakana ya Tayabali, Bondeni,
nikawa baharia.

"Inua kidevu. Tazama mbali."
Mbali palikuwa na kalenda ya duka la saruji.
"Kaza uso. Waona moto."
Sikuona moto.
Moto waliuona walioniletea habari:
jinsi chumba cha mitambo cha Kolekole kilivyolipuka,
jinsi alivyowatoa watatu, mmoja mmoja, amewabeba mgongoni,
akarudi kumfuata wa nne,
kijana aliyepanda meli Jumanne ile
na ambaye hata jina lake Mselemu alikuwa hajalishika.

Mimi niliona uchochoro wetu.
Nilimwona Mselemu wa miaka tisa, kamba mkononi,
anarusha pia yenye msumari,
na pia inaniruka usoni.

Siku ya sherehe bendi ilipiga, jua likapiga zaidi.
Mkubwa mmoja alisoma karatasi,
akakosea jina la baba, akarudia, akakosea tena.
Watu walinitazama, wakaitazama nishani,
wakanitazama mimi.
Nilijiona mwizi aliyeshikwa na uso wake mwenyewe.

Nyumbani Mama akasema: "Ndoo, nipe."
Macho yake, yote mawili, mtoto wa jicho ameyashushia pazia.
Akaupitisha upande wa nyuma: nanga, kamba, tarehe.
Akageuza.
Kidole gumba kikatembea polepole.
"Pua si yake. Yake ilikuwa ya kuamrisha.
Hii ni ya kuomba radhi. Hii yako."
Nikanyamaza.
"Na midomo yako. Mwenyewe waiuma hivi."
Nikanyamaza.
Kidole kikapanda, kikafika juu ya nyusi, kikasita.

Tayabali ni fundi mwaminifu mno.
Alichokiona alikichonga.

"Na hili?"
"Kovu, Mama."
"Nalijua kuwa ni kovu. Nani alikutia?"
"Mselemu. Kwa pia. Ulimchapa kwa upawa,
na usiku ukampikia vibibi kwa kujuta."
Birika lilichemka likamwagika,
hakuna aliyeinuka.
Akalikandamiza lile kovu hata ukucha ukawa mweupe.
"Basi yumo," akasema. "Hapa padogo, yumo."

Hakuitundika ukutani.
Kila Ijumaa huisugua kwa ukwaju na jivu,
na huanzia juu ya nyusi,
hata nanga imepata kutu ya kijani
na kovu linameta kama limeumizwa jana.

Nami juzi nilivuka kwenda Likoni kupeleka kofia.
Mkono mmoja nilishika chuma,
mwingine nikaupeleka usoni, pale.
Macho niliyafumba vilevile.