Sarafu ya Lifti

Lori lilitushusha topeni, likageuza, likaondoka.
Kabati la mama mkwe halikupita mlangoni;
lililala nje siku mbili, theluji begani.

Kule Tbilisi lifti ya jengo letu ilikula sarafu:
huna, basi panda ghorofa tisa na viazi vyako.
Tekle alikuja na moja, kaificha ndani ya soksi.
Akautazama mlima, mrefu, mweupe,
akaniuliza, "Hapa tunaitia wapi?"

Malkhazi anapasua kuni kama anayeomba radhi.
Shoka linaruka, gogo limetulia.
Usiku ukimya unaingia bila hodi,
unajilaza katikati yetu,
nami nasikia friji, nasikia damu yangu,
nasikia mbwa wa kijiji cha pili
akianza kubweka, akighairi.

Jirani, Guliko, alileta jibini na swali:
"Wenzenu wanashuka. Nyinyi mmekimbia nini?"
Nikasema kodi ya nyumba. Nikasema kifua cha mtoto.
Nikasema,
lakini chai ilikuwa inafurika.

Jumatatu niliwapeleka shule.
Wanafunzi saba, jiko moja la chuma.
Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio,
akaandika Tekle, akaandika Saba
(jina la mwanangu, si hesabu),
akapitisha kidole: tisa.
Akapitisha tena.
Barua ya kuifunga shule ilikuwa mezani, chini ya kikombe.
Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu,
nayo haikuwa na ukungu.

Jioni Tekle aliitoa sarafu soksini,
akaisimamisha dirishani.
"Ya kushukia," akasema.
"Ikibidi."